Umesahau Goti

1

Kazi ya kifaru ni kuchukiwa. Wenzake kwenye kikosi cha gemu wana kazi nyingine: wapiga mishale wanapiga kutoka mbali, wenye visu wanazunguka nyuma, mganga anaponya majeraha. Kifaru anasimama mbele na kulifanya jitu limchukie yeye kuliko kitu kingine chochote, ili wale wengine wasiguswe. Jitu likigeuza shingo na kumtazama mganga wako, umeshindwa kazi, na hakuna maelezo utakayotoa yakasikilizwa.

Mimi nilikuwa kifaru bora wa Ngome ya Makaa. Sisemi kwa kujisifu. Waliobisha walikuwa na nafasi ya kuja kusimama mahali niliposimama, na hawakuja.

Jumamosi ile mchana tulikuwa mbele ya lango la Mtwangaji, jitu lenye mchi mrefu kuliko mnara wa simu. Mwili wangu ulikuwa umelala kitandani kwangu Mwanjelwa, Mbeya, miwani ya gemu usoni na kola yake shingoni, lakini ungeniuliza niko wapi ningekuambia niko langoni, nimeshika ngao, majivu yananiangukia mabegani. Nyuma yangu alikuwa Nchambi, mganga wetu, Msukuma wa Shinyanga ambaye nadhani alizaliwa akiongea.

"Amba, leo umekula?"

"Nimekula."

"Maana juzi ulikufa kwa njaa. Nakuponya, nakuponya, kama mtu anayemwagilia jiwe."

"Nilikufa kwa sababu mganga wangu alikuwa anaongea na simu."

"Alikuwa mama."

"Mwambie mama nimemsamehe. Sasa kaa nyuma yangu na ufunge mdomo."

Nikagonga ngao. Kwenye Ngome ya Makaa, gemu linasikiliza sauti ya kifaru. Ukilitukana jitu ovyo ovyo, linakutazama kidogo kisha linaendelea na safari zake. Ukilitukana kwa vina na mizani, linakugeukia lote. Hakuna aliyetuambia kwa nini. Tuligundua wenyewe, na tangu hapo vifaru wote wakawa washairi, wengi wao wabaya. Mimi mizani nilijifundisha gereji, nikinyoosha mabati ya bajaji, pigo moja silabi moja, mpaka fundi mkuu akaniuliza kama nimeajiriwa na bendi.

*Twanga nione utwange, mchi wako ni wa mua,*
*Mwili wangu ni wa konge, pigo kwangu kama mvua,*
*Njoo mbele usipange, wa nyuma hutawajua,*
*Mlangoni nimekaa, mbele yangu hutapita.*

Mtwangaji akageuka. Mchi ukashuka.

Mchezaji wa kawaida akipigwa, kola inampa kitu kama kofi la mtoto. Kifaru anapewa zaidi. Tunaambiwa hivyo siku ya kwanza, tunaulizwa kama tunakubali, na sote tunajibu ndiyo kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika. Ndiyo maana tuko wachache, na ndiyo maana tunatembea vifua mbele. Pigo la tatu la Mtwangaji ndilo lililokuwa limewatoa vifaru wengi kwenye gemu kabisa. Lilinipata katikati ya ubeti. Niliona weupe mtupu, lakini sikukata mstari. Kina kilitoka mahali pake, jitu likabaki na mimi, na wenzangu wakalimaliza kutoka nyuma.

Jioni nikaweka sauti ya ubeti ule kwenye blogu yangu, *Nipige Mimi*, pamoja na maelezo. Watu walikuja kuisoma kwa ajili ya kitu kimoja ambacho blogu nyingine hazikuwa nacho: mimi nilieleza mapigo yanavyouma, moja moja, bila kupunguza. Niliona ni aibu kifaru kusema tu "liliniuma sana". Niliandika hivi:

"Pigo la tatu ni la uongo. Mchi unakushukia begani, lakini maumivu hayaanzii begani. Yanaanzia kwenye nyonga ya kushoto. Yanatulia hapo kidogo, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kukutukana. Kisha yanashuka ndani ya mfupa wenyewe, kama mchanga wa moto unaomiminwa kwenye bomba jembamba. Usiyafuate. Ukiyafuata unapoteza ubeti. Kaza meno ya kushoto, tazama macho ya jitu, maliza mstari."

Maoni yakamiminika. Wengine walinisifu, wengine waliniita mwongo. Mmoja anayejiita Mbega Mweusi, kifaru wa kikosi pinzani, aliandika kwamba maumivu yangu yote yako kwenye kibodi. Nilikuwa naandaa jibu la kumzika nilipoona maoni mengine chini yake, mafupi, ya mtu anayejiita Leo wa Kashai.

"Umesahau goti. Likifika gotini linakuwa baridi."

Nilikaa nikiyatazama maneno yale. Goti sikulisahau. Goti nililiacha makusudi. Baridi ile ya gotini niliidhania ni udhaifu wangu mwenyewe, na sikutaka Mbega Mweusi na wenzake wajue. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata Nchambi.

2

Nilimwandikia faraghani, nikamuuliza yeye ni kifaru wa kikosi gani. Akajibu kwa kunipigia.

"Mimi sichezi," alisema. Ilikuwa sauti ya msichana, nyembamba lakini yenye ukali. "Naitwa Leokadia. Niko Bukoba. Nina sikoseli, chembe zangu za damu zimepinda kama mundu. Nikilazwa huwa nasoma matusi yako."

"Ni mashairi."

"Ni matusi yenye vina. Mazuri. Ile ya mchi wa mua niliisikiliza mpaka nesi akaniambia nipunguze sauti."

"Sasa wewe goti umelijuaje, kama huchezi?"

"Kwa sababu ni langu, kaka. Nyonga ya kushoto, inatulia, inashuka na mchanga, inafika gotini inakuwa baridi. Naijua tangu nina akili. Na Jumamosi mchana ilikuja. Ilifika kwenye nyonga, ikatulia, nikashika kitanda nikaingoja. Haikushuka. Ikapotea tu. Nikasema asante Tulizo."

"Tulizo ni nini?"

"Mashine. Walinivisha kola mwaka jana pale kliniki. Walisema inameza maumivu." Akacheka kicheko kisicho na furaha. "Jioni nikafungua blogu yako, nikakuta maumivu yangu yameandikwa na Mnyakyusa."

Nilitaka kumwambia ni bahati tu, kwamba watu wawili wanaweza kuumia mahali pamoja. Lakini goti lilikuwa limenikaa akilini. Nikamwambia tufanye jaribio, siku atakapoanza kuumwa anipigie, mimi niingie langoni simu ikiwa wazi pembeni ya sikio.

Alinipigia katikati ya wiki, saa ya chakula cha mchana. Nilikimbia nyumbani kutoka gereji na mikono yenye grisi. Mtwangaji alinikuta peke yangu, bila kikosi. Pigo likaja, nyonga, kutulia, mchanga. Nikatoa ubeti. Kwenye simu nilimsikia Leokadia akishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua ndoo.

"Limeondoka," akasema. "Na wewe sasa hivi liko gotini."

Lilikuwa gotini.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga. Nilitaka uhakika kamili, na pigo lingine likiwa njiani nikaivua kola shingoni. Langoni kukazimika, nikabaki na dari yangu ya mabati na mwili mzima, bila kidonda. Na kwenye simu Leokadia akapiga yowe ambalo sijui kuliandika, mimi ambaye nilijidai najua kuandika maumivu yote.

Niliirudisha kola shingoni. Aliporudiwa na sauti aliniambia, "Usirudie tena. Limekuja na nguvu mara mbili."

"Nisamehe, dada."

"Nimekusamehe. Lakini sasa umeamini."

3

Niliwaandikia wenye gemu swali la mstari mmoja: Leokadia wa Bukoba ni nani kwenu? Siku ya pili yake mtu alinipigia, uso wake ukijaa kwenye kioo changu chote. Daktari Swai, wa hiyo Tulizo ya Leokadia. Mtu mzima, macho yaliyochoka, shati lisilopigwa pasi. Nilikuwa nimejiandaa kwa mwongo. Hakudanganya hata kidogo, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

"Ukiumia, ubongo wako haupokei tu," alisema. "Unajibu. Unatuma amri kwenye uti wa mgongo kuyazuia maumivu yasipande yote. Kila mtu anafanya hivyo, ila kuna wanaojibu vizuri kuliko wengine. Anayejibu vizuri kuliko wote ni mtu aliyekasirika ambaye anajiona anashinda. Tunachukua maumivu ya mgonjwa, tunayapeleka kwa mtu wa namna hiyo, tunalichukua jibu lake na kulirudisha kwa mgonjwa. Tulijaribu na mashine. Mashine haina hasira."

"Kwa hiyo hakuna jitu."

"Jitu ni picha. Pigo ni la kweli. Mgonjwa akiwa na nafuu, jitu linakuwa laini. Nadhani umewahi kuliona hilo."

Nilikuwa nimeliona. Niliwahi kuandika kwenye blogu kwamba kuna siku Mtwangaji huwa mvivu.

"Na vina?"

"Vina vinapanga pumzi, na pumzi iliyopangika inalipa jibu nguvu. Hilo hatukulijua, ninyi ndio mlitufundisha. Tukaongeza sikio kwenye gemu." Alisema hivyo kwa heshima, kama mtu anayenishukuru. "Kola yako na ya Leokadia zilioana tangu mwaka jana. Zikishaoana hazipendi kuhama. Kila ulipopigwa, ulipigwa kwa niaba yake."

"Kwa nini hamkutuambia?"

"Wa kwanza tuliwaambia. Walikuwa watu wema, waliojitolea. Tukawaonyesha picha za wagonjwa. Pigo lilipokuja wakawaza yule mtoto kwenye picha, wakamhurumia. Mwenye huruma analainika, Ambakisye. Jibu linakufa palepale. Wagonjwa wakaumia na wale wema wakaumia. Tukaondoa picha ya mtoto, tukaweka jitu. Likafanya kazi siku ileile." Akajisogeza karibu na kioo. "Una blogu inayosomwa na karibu kila kifaru. Ukiandika haya, kesho wote watakuwa wanajua. Nusu watavua kola kwa hasira, na watakaobaki watabaki kwa huruma, ambayo haina faida. Sikutishi. Nakuambia kitakachotokea kwa watu waliolala vitandani. Anza na huyo rafiki yako."

Alipokata nilibaki nimeshika simu. Nimezoea adui anayekuja na mchi. Huyu alikuja na ukweli wake, akauweka mbele yangu na kuniachia.

4

Jumapili, baada ya ibada, Leokadia aliniambia maumivu yanaanza. Nikaingia na wapiga mishale wetu na Nchambi, ambaye nilikuwa nimemweleza yote.

Mtwangaji akatokea. Nikafungua mdomo nianze kumtukana, na badala ya jitu nikamwona msichana ameshika kitanda kwa mikono miwili. Nikatoa mstari, ukatoka kama salamu za rambirambi. Mtwangaji akanitazama kidogo, akanipita. Alinipita mimi. Alimkanyaga Nchambi, akawamaliza wapiga mishale, kisha akarudi kwangu bila haraka, na pigo likaingia mwilini mwangu bila kukutana na kitu. Hakikuwa kidonda cha vita. Kilikuwa ugonjwa. Nilitapika pembeni ya kitanda.

Nilipompigia Leokadia alichelewa kupokea.

"Ulikuwa unafanya nini kule?" akauliza, akihema.

"Nilikuwaza wewe."

"Nilijua. Nilisikia kama mtu ananishika mkono na kunililia. Nina mama, nina shangazi, nina kwaya nzima ya kigango inayokuja kunililia. Nani amekutuma uongeze idadi?"

"Leokadia, nawezaje kupiga kelele za ushujaa wakati najua—"

"Unajua nini? Unajua naumwa. Hongera. Mimi nalijua hilo kila asubuhi na sijawahi kulihurumia hata siku moja. Ule ugonjwa nauchukia. Nautukana Kihaya, nautukana Kiswahili, nautukana na Kiingereza kidogo nilichonacho. Ila sina vina. Wewe unavyo." Akakohoa. "Usinitazame mimi. Litazame lenyewe. Ukilikuta, litukane kama ulivyolitukana kabla hujanijua."

"Unataka nirudi langoni leo?"

"Bado linauma, kifaru. Au umeshachoka?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo akabaki bila jibu. Nikamwita Nchambi, akaja analalamika kuhusu mbavu zake. Safari hii sikumngoja Mtwangaji aje. Nilimfuata mpaka ndani ya ua wake, nikapiga ngao mpaka mkono ukafa ganzi.

*Wewe mundu wa damuni, hapa hakuna kuvuna,*
*Wazoea kitandani, wanyonge kuwatafuna—*

"Wanyonge nani?" sauti ya Leokadia ikakata kwenye simu. "Toa hilo neno."

Nchambi akaangua kicheko katikati ya vita. Mimi nikarudi kwenye mstari, mchi ukiwa tayari hewani:

*Wazoea kitandani, wasichana kutafuna,*
*Leo toka uwanjani, nikuone ukinuna,*
*Wamtaka huyu dada, anza na mimi kifaru.*

Pigo likaja lote. Nyonga, kutulia, mchanga, goti. Nilikuwa nalijua sasa, nalijua kwa jina na ukoo, na nililichukia kuliko nilivyowahi kuchukia jitu lolote la kuchorwa. Kila lilipogusa lilikuta mlango umefungwa na mtu amekaa nyuma yake. Mtwangaji alinigeukia mimi na hakugeuka tena mpaka alipoanguka.

Niliisogeza simu sikioni.

"Leokadia?"

"Nipo," akasema taratibu. "Usiongee. Nasikiliza mguu wangu. Hauna kitu."

Daktari alikuwa amekosea, au alikuwa sahihi nusu. Huruma ilikuwa imeua jibu. Chuki iliyojua inachukia nini ilikuwa imelifanya kuwa na nguvu zaidi. Lakini mimi nilikuwa mtu mmoja, na nilikuwa na Leokadia wa kunifokea. Vifaru wengine hawakuwa na mtu.

"Kama nikinyamaza," nikamwambia, "unalala vizuri. Na wengine wote wanalala."

"Ndiyo."

"Nikiandika, huenda wapo watakaoamka usiku na maumivu yao."

"Ndiyo. Huenda na mimi." Nilimsikia akijigeuza kitandani. "Walinidanganya kwamba ni mashine, Amba. Mwaka mzima nimemrushia mtu mfupa wangu bila kumwomba. Nimekaa nakula ndizi, natazama tamthilia, kumbe kuna fundi wa bajaji Mbeya anakaza meno. Wewe unaona sawa?"

"Sioni sawa."

"Basi kwa nini unaniuliza mimi? Andika."

5

Niliandika. Niliweka yote: kola, jibu, Daktari Swai na hoja zake bila kuzipinda, jaribio langu la kijinga, ubeti uliokufa na ubeti uliofufuka. Nikaweka na goti. Mwisho nikaandika hivi:

"Nilijiona shujaa kwa kupigwa na picha. Sasa najua nilikuwa napigwa na kitu halisi, na nakasirika kwamba walininyima heshima ya kukijua. Kifaru hafichwi adui yake. Anayetaka kuvua kola avue, sitamwita mwoga. Anayebaki, asibaki kwa kulia. Mtafuteni mtu wenu, muulizeni ugonjwa wake unaitwaje, kisha ingieni langoni mkautukane kwa jina."

Kabla ya saa sita mchana nilikuwa mtu anayechukiwa kuliko jitu lolote. Vifaru waliandika kwamba nimewaharibia gemu. Wengine waliandika kwamba wamevua na hawatarudi, na sikuwajibu, kwa sababu nilikuwa nimewaahidi. Mbega Mweusi aliandika kwamba sasa nimehamisha uongo wangu kutoka kwenye gemu hadi hospitalini, yote kutafuta sifa.

Kisha akaandika mama mmoja wa Singida. Hakutukana. "Mwanangu ana saratani ya mfupa. Alikuwa analala. Tangu ulipoandika, halali. Umefurahi?"

Nilisoma maneno yale nikiwa nimesimama katikati ya gereji. Ningeweza kuyajibu kwa beti kumi, na zote zingekuwa na vina. Sikuandika hata neno. Kitu nilichokuwa nacho ni mwili na kola, na nikajua mahali pa kuvipeleka.

Daktari Swai alikuwa amenitumia ujumbe: nifute maandishi na niwaambie watu nilitunga, la sivyo akaunti yangu itafungwa alasiri ileile. Nilimwomba fundi mkuu ruhusa. Aliniuliza naumwa nini. Nikamwambia naumwa nyonga. Akaniangalia ninavyotembea sawasawa, akatikisa kichwa, akanipa ruhusa.

Sikwenda kwa Mtwangaji kwa njia ya kawaida. Nilikwenda kwenye Lango Kuu, uwanja ambao kila mchezaji lazima aupite akiingia Ngome, na nikalitukana jitu kutoka pale mpaka likaacha ua wake na kuja. Uwanja ulikuwa umejaa. Watu walisogea pembeni, wengi wakinizomea. Nchambi alisimama nyuma yangu na fimbo yake.

"Nakukumbusha tu," akanong'ona, "kikosi kizima ni mimi na wewe."

"Inatosha."

"Mimi sijasema inatosha. Nimehesabu tu."

Mbele ya umati akatokea mtu mwenye vazi jeupe la wasimamizi. Nilimjua kwa sauti. "Ambakisye, toka," alisema Daktari Swai. "Nafunga akaunti yako sasa. Toka kabla hajapiga, nisije nikakata katikati. Fanya hivyo kwa ajili yake."

"Kama ni kwa ajili yangu, uniulize mimi."

Umati ulifunguka. Aliyekuja alikuwa amevaa mwili ambao kila mgeni hupewa siku ya kwanza, kanzu ya kijivu, fimbo ya mganga isiyo na hata nakshi moja, na alitembea kama mtu anayejifunza miguu mipya. Sauti ilikuwa ileile, nyembamba na kali, ila sasa uwanja mzima uliisikia.

"Naitwa Leokadia," aliwaambia. "Maumivu anayopigwa huyu ni yangu. Yameanza asubuhi. Hii kola ni ya kliniki, nimeambiwa nisiingie nayo humu, nimeingia." Akamgeukia Swai. "Daktari, ukitaka kumzima, mzime. Ila yatarudi kwangu, na leo siko kwenye wodi yenu ya pembeni. Niko hapa. Nitapiga yowe mbele ya watu wote hawa, na kila mmoja ataelewa mlichokuwa mnafanya."

Nilimwona Swai akinyanyua mkono, mkono ambao ulikuwa unaweza kunifuta, na nikaona unavyobaki hewani. Nadhani hakuwa mtu mbaya. Nadhani mpaka siku ile hakuwahi kusikia yowe la mgonjwa wake bila ukuta katikati.

Mtwangaji akainua mchi.

Kulia kwangu kitu kizito kikagonga ardhi. Ilikuwa ngao nyeusi, na nyuma yake alisimama kifaru mpana kuliko mimi. Mbega Mweusi.

"Sikuja kwa ajili yako," akasema bila kunitazama. "Bado nakuona mjinga. Nimekuja kwa huyo dada, anisaidie. Mimi huwa linanipiga kifuani, chini ya titi la kulia, linapinda kuelekea mgongoni. Mwaka wa pili sasa. Nataka kujua mwenye maumivu hayo ni nani."

"Tutamtafuta," Leokadia akasema. "Mimi wodini nawajua wengi. Na mmoja Singida ana mtoto asiyelala."

"Basi anza kuuliza." Mbega Mweusi akajiweka sawa, bega lake likagusa langu. "Kijana wa Mbeya, una ubeti au umeishiwa?"

Nyuma yetu nilisikia ngao nyingine ikigonga ardhi, kisha nyingine, na sikugeuka kuhesabu, maana kifaru hageuki. Nyonga yangu ya kushoto ilikuwa imeshaanza kuvuta pumzi.

"Litazame lenyewe," Leokadia akaniambia sikioni.

Nikalitazama, nikafungua mdomo.